PAMPU YA SINDANO YATAKA DEREVA ALIYEFUNZWA



Mwezi huu twaliweka kando kidogo jambo la mishahara. Si kwamba limekwisha, la, halijakwisha, na katika kurasa za nyuma mtasoma mazungumzo yamefika wapi. Lakini ndugu zetu wauguzi wanaotembelea wagonjwa huku Kinanie wameleta mbele ya tawi letu neno ambalo twaona haifai likae ndani ya daftari la mkutano tu. Ni neno la mafunzo ya juu ya kutumia ile mashine ndogo inayosukuma dawa polepole ndani ya mwili wa mgonjwa asiyeweza kuponywa, ili asife kwa maumivu.

Wengine mtauliza: hilo lawahusu nini watu wa kiwanda cha saruji, au vijana wanaoshona nguo za kupelekwa ng'ambo? Lawahusu sana. Kinanie ni mahali pa wafanya kazi. Watu hutoka hapa alfajiri kwenda Athi River, Mlolongo na Nairobi, na mtu akizidiwa na saratani, hospitali ikasema haina la kufanya tena, hurudishwa hapa hapa katika chumba chake cha kupanga, au kwa wazazi wake upande wa Machakos. Hapo hakuna daktari wa usiku. Yupo mke, yupo binti, na kama bahati ipo, yupo muuguzi ajaye mara moja kwa juma.

Jirani yetu mmoja alikuwa mzee aliyefanya kazi viwandani maisha yake yote. Hatutaji jina lake, wala la hospitali iliyomhudumia, kwa maana hatutafuti mtu wa kumtupia lawama. Alishikwa na saratani ya koo la chakula, ugonjwa unaojulikana sana katika nchi yetu. Mwanzo alipewa mofini ya maji, ile ya kunywa, ikamfaa vizuri, akaweza hata kukaa nje jioni na kusalimiana na wapita njia. Kisha koo likafunga. Maji hayapiti, uji haupiti, na mofini nayo haipiti. Chupa ikabaki juu ya meza ikiwa nusu, na mwenyewe anaitazama.

Muuguzi wake alijua dawa gani yafaa na alijua njia ya kuipitisha. Alijua pia kwamba katika stoo ya hospitali kulikuwa na pampu ya sindano iliyoletwa na wafadhili, ingali ndani ya katoni yake. Mtu mmoja tu ndiye aliyepata kufundishwa kuitumia, naye alikuwa amekwisha hamishwa kupelekwa kliniki nyingine ambako hakuna kazi hiyo kabisa. Basi muuguzi yule akafanya alivyoweza. Akachoma sindano mchana, akaondoka zamu yake ilipokwisha. Usiku mzee alikesha akiuma kitambaa ili wajukuu wasimsikie. Hivyo kwa siku tatu, mpaka alipofariki.

Muuguzi huyo alipokuja mkutanoni hakusema mengi. Alisema, "Mimi sikukosa huruma, wala dawa sikukosa. Nilikosa kufundishwa." Twaomba kila mwajiri wa wauguzi ayasome maneno hayo mara mbili.

Sasa, kwa wale wasioijua mashine hii. Ni kitu kidogo kinachoendeshwa kwa betri, cha kuweza kuwekwa katika mfuko wa kitambaa kando ya mto. Ndani yake hulazwa bomba la sindano lililojazwa dawa ya mchana na usiku, yaani saa 24. Mashine husukuma kijiti cha bomba polepole sana, na dawa hupita katika mpira mwembamba mpaka kwenye sindano ndogo iliyowekwa chini ya ngozi, kifuani, mkononi juu au tumboni. Haiingii katika mshipa wa damu. Kwa hiyo mgonjwa asiyeweza kumeza, au anayetapika kila kitu, au aliyepoteza fahamu, hupata dawa yake bila kuchomwa kila saa 4, na bila ya kungoja mtu afike. Kwa Kiingereza jina lake lina neno lile lile tuliloligeuza zamani likawa "dereva". Jina zuri, ila lapoteza watu, kwa sababu huwafanya wakubwa fulani wadhani kwamba mashine yajiendesha.

Aliyeibuni ni Mwingereza, Dr Martin Wright, ambaye pia alitengeneza kifaa cha kupimia pumzi za wagonjwa wa pumu. Mwanzoni ilitumiwa kwa wagonjwa wa damu waitwao wa thalasemia, waliohitaji dawa ya kutoa madini ya chuma mwilini kwa muda mrefu kila siku. Mwaka 1979 Dr Patrick Russell alieleza katika gazeti la madaktari la Uingereza jinsi alivyoitumia kwa wagonjwa wa saratani walio karibu kufa, na toka hapo ikaenea katika hospisi za dunia.

Mambo ya ndani ya kazi hii yahitaji akili iliyotulia, na hapa ndipo twataka msomaji avumilie kidogo, maana bila kuyajua hesabu yake hataona kwa nini twadai mafunzo ya kweli na si semina ya saa mbili na soda.

Chukua mgonjwa anayekunywa mofini miligramu 10 kila saa 4. Kwa siku ni miligramu 60. Akishindwa kumeza na kuwekwa kwenye pampu, hapewi 60, kwa kuwa dawa ipitayo chini ya ngozi ina nguvu zaidi kuliko ile ipitayo tumboni. Kwa kawaida hesabu hugawanywa kwa 2, akapewa 30 kwa saa 24. Asiyefunzwa akisahau kugawanya, amempa mgonjwa maradufu. Tena hiyo ni hesabu ya mwanzo tu. Kama figo za mgonjwa zimechoka, mofini hujikusanya mwilini. Mgonjwa huanza kusinzia mno, viungo vikarukaruka, pumzi zikapungua. Aliyefunzwa huziona dalili hizo mapema akapunguza dawa au akamwita daktari. Asiyefunzwa huona mikono inarukaruka, akadhani ni maumivu, akaongeza.

Kisha kuna kuchanganya. Mgonjwa hana maumivu peke yake. Ana kichefuchefu, ana mahangaiko, ana makohozi yanayokoroma kooni na kuwatisha watoto. Dawa mbili au tatu zaweza kuwekwa pamoja katika bomba moja, lakini si dawa zote zinazopatana. Nyingine zikikutana hufanya chembe chembe kama chumvi na kuziba mpira. Nyingine, kama diazepamu, huunguza ngozi zikipitishwa chini yake. Tena mashine haitulizi mtu papo hapo. Huanza taratibu, na saa kadhaa hupita kabla dawa haijatosha mwilini. Muuguzi ajuaye hutangulia kwa kumpa mgonjwa sindano moja ya kumtuliza, ndipo awashe mashine. Asiyejua huiwasha na kwenda zake, na watu wa nyumba hukaa wakimtazama mgonjwa akiugua usiku kucha, asubuhi wakasema mashine za wazungu hazina maana.

Haya basi. Hata nchi zenye mali nyingi zimeumia kwa jambo hili. Kwa miaka mingi Uingereza walitumia pampu za aina mbili za kampuni moja, Graseby, zilizofanana kama mapacha. Moja ilikuwa na alama ya bluu, ikihesabu milimita kwa saa. Nyingine ilikuwa na alama ya kijani, ikihesabu milimita kwa saa 24. Fikiri mwenyewe: bomba lina dawa ya urefu wa milimita 48. Ile ya kijani huwekwa 48, na dawa huisha baada ya mchana na usiku. Ile ya bluu yapasa kuwekwa 2. Muuguzi aliyezoea ya kijani, zamu ya pili mfululizo, macho mazito, akishika ya bluu na kuiweka 48, dawa ya siku nzima humwingia mgonjwa kwa saa moja.

Hayo si ya kubuni. Mwezi Desemba 2010 ofisi ya serikali ya Uingereza ya kulinda usalama wa wagonjwa ilitoa taarifa kwamba toka Januari 2005 mpaka Juni 2010 ilipokea habari za vifo 8 na ajali nyingine 167 zilizohusu pampu za namna hii. Hospitali zikaambiwa ziache zile za zamani katika miaka mitano na kuchukua mpya zenye kinga, ambazo huhesabu kwa mililita, hulia zikikwama, na zaweza kufungwa zisichezewe. Twasema hili kwa sababu moja zaidi. Mashine zinazostaafishwa kwa matajiri zina tabia ya kusafiri kama nguo za mitumba. Hatusemi zimefika Kinanie. Twasema yeyote atakayefungua katoni ya msaada aitazame rangi na aulize mwaka.

Lakini kuna habari nyingine ya Uingereza ambayo sisi wa chama twaiona kubwa kuliko ya milimita. Katika mji wa Gosport ilikuwako hospitali ndogo ya wazee. Kati ya 1989 na 2000 wagonjwa wengi hapo walipewa dawa kali za jamii ya mofini kwa pampu hizi, ilhali hali zao hazikuhitaji. Jopo lililochunguza lilitoa ripoti yake Juni 2018, likasema wagonjwa 456 walifupishiwa maisha, na huenda wengine 200 zaidi. Nani alikuwa wa kwanza kupiga kelele? Wauguzi. Mwaka 1991 wauguzi wa zamu ya usiku walisema waziwazi kwamba pampu zinatumiwa vibaya, wakaenda mpaka kwa chama chao. Mkutano ukaitwa. Badala ya kusikilizwa, wakafanywa waonekane kama watu wa fitina, na neno lao likazimwa. Kama wangalisikilizwa mwaka ule, wazee wangapi wangalipona mkono ule?

Kwa hiyo mafunzo tunayoyadai si ya kubonyeza vifungo tu. Mfanya kazi aliyefunzwa vizuri anajua kuwasha, na anajua pia kusema "hapana, mgonjwa huyu hahitaji". Na akisema hapana, chama kisimame nyuma yake. Hofu iliyoko vijijini kwetu, kwamba "wakishamtia mashine basi wamemmaliza", si ujinga mtupu. Imetoka mahali. Dawa ya hofu hiyo ni muuguzi anayeweza kukaa na familia, akaeleza kila kilichomo ndani ya bomba, kwa nini kimo, na kwamba saratani ndiyo inayoua, si pampu. Mama mmoja wa hapa Kinanie alimwambia muuguzi, "Mwanangu, mimi sikatai, nataka tu unionyeshe hiyo maji ni ya nini." Ni swali la haki kabisa, nalo lataka mtu aliyefunzwa kulijibu.

Tutazame nyumbani. Nairobi Hospice ilianzishwa mwaka 1990, nayo ndiyo mama wa kazi hii katika Kenya. Leo upo muungano wa hospisi wa nchi, KEHPCA, na hospitali kadha wa kadha za serikali zina vitengo vya kuwatuliza wagonjwa. Tumetoka mbali. Mwaka 2010 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya watoto wagonjwa wa Kenya, likaonyesha kwamba kati ya hospitali za serikali karibu 250, ni 7 tu zilizokuwa na mofini ya kunywa. Mwaka 2014 Kenya pamoja na mataifa mengine yote katika mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani ilikubali azimio kwamba kuwatuliza wagonjwa ni sehemu ya matibabu ya kawaida. Katiba yetu ya 2010 nayo, kifungu cha 43, yasema kila mtu ana haki ya afya ya kiwango cha juu kinachoweza kufikiwa. Maneno mazuri yote. Mzee wetu hakuweza kuyameza pia.

Jirani zetu wa Uganda walikwenda hatua moja mbele ambayo twaitamani. Hospice Africa Uganda ilianzishwa Kampala mwaka 1993 na Dr Anne Merriman, wakachanganya mofini ya maji wenyewe kwa bei ndogo. Mwaka 2004 Uganda wakabadili sheria, ili muuguzi na afisa wa kliniki waliopata mafunzo maalumu waweze kuandika mofini wenyewe. Waliona kwamba madaktari ni wachache na wagonjwa wako vijijini. Tazameni vizuri mpango huo: mafunzo kwanza, cheti, kisha mamlaka. Hawakumpa mtu madaraka bila elimu, wala hawakumpa elimu bila madaraka. Kwetu hutokea mara nyingi kwamba mtu hupewa mzigo wa kazi bila moja wala jingine, na likitokea kosa, hapo ndipo hukumbukwa kwamba ana jina na namba ya kazi. Na sheria yetu ya dawa za kulevya ya mwaka 1994 imewatia watu woga kiasi kwamba wengine huona heri chupa ya mofini ifungiwe kabatini kuliko itumike.

Kuna wanachama waliotuambia: mofini ya kunywa yenyewe haijaenea kila zahanati, mbona mnarukia mashine? Neno hilo ni la kweli na hatulipingi. Tume ya gazeti la Lancet mwaka 2017 ilionyesha kwamba katika tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zinazogawanywa duniani kwa mwaka, nchi zilizo maskini kabisa zilipata sehemu ya moja ya kumi ya tani moja. Chupa ije kwanza. Wagonjwa wengi hutulizwa kwa chupa peke yake mpaka mwisho, na pampu si ya kila mtu. Lakini koo lililofunga halingoji chupa zienee. Tena mafunzo ya juu hayamfundishi mtu mashine tu. Humfundisha afanye nini pale ambapo mashine haipo: jinsi ya kuacha sindano ndogo ya kipepeo chini ya ngozi, akamwelekeza binti au mke kuingiza dawa iliyopimwa tayari kila saa 4. Laiti muuguzi wetu angalifundishwa hata hilo moja, mzee asingalikesha na kitambaa mdomoni.

Basi twadai nini? Twadai mafunzo yafanywe kwa mashine yenyewe, kila mtu na yake mkononi, bomba likijazwa maji, watu wakosee hapo mbele ya mwalimu mpaka wasikosee tena. Picha za ukutani hazitoshi. Baada ya darasa, kila mtu aweke pampu kadhaa kwa wagonjwa wa kweli akisimamiwa na aliyebobea, ndipo apewe cheti, na kila mwaka apimwe tena, kwa sababu asiyeishika mashine kwa miezi sita husahau kama sisi sote. Siku za mafunzo zihesabiwe kuwa siku za kazi na zilipwe, na wodi ipewe mtu wa kushika zamu, kusudi anayebaki asifanye kazi ya wawili. Aliyefunzwa asihamishwe kabla hajamfundisha mwingine. Na muuguzi au afisa wa kliniki akikataa kuwasha pampu ambayo hajafundishwa, kukataa huko kusihesabiwe utovu wa nidhamu. Sheria ya usalama kazini ya 2007 yamtaka mwajiri ampe mfanya kazi maelezo, mafunzo na usimamizi kwa ajili ya usalama wake. Anayeshughulika na sindano na dawa kali gizani katika chumba cha mabati ana haki hiyo sawa na anayesimama kando ya mashine ya kusaga saruji.

Nyumbani hakuna wodi. Hospitalini pampu hukaguliwa kila saa 4 hivi: taa yawaka? dawa imebaki kiasi gani? ngozi imevimba? kuna chembe ndani ya mpira? Kinanie usiku wa mvua, njia zikiwa tope, nani atakagua? Kwa hiyo mafunzo lazima yawe na sehemu ya kuifundisha familia dalili chache za kutazama, na lazima pawe na namba ya simu ambayo mtu aliye macho ataijibu, na betri za akiba zikabidhiwe kabisa. Jambo la betri laonekana dogo. Waulizeni wauguzi wa mashambani.

Waajiri watasema fedha hakuna. Toka Oktoba 2024 kila mfanya kazi wa mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya pato lake kwa bima mpya ya afya, naye hakuulizwa kama fedha zipo. Na pampu inayolala katika katoni ni fedha iliyokwisha tumika bila faida. Kuwafundisha watu wanne au watano ili ifanye kazi ni gharama ndogo kando yake. Walimu wako nchini. KMTC yafundisha masomo ya juu ya kazi hii, na hospisi zetu zina watu waliokwisha weka pampu mara nyingi kuliko tuwezavyo kuhesabu. Hakuna haja ya kumngoja mtaalamu ashuke kutoka ndege.

Lakini nasi tujitazame usoni. Tunawajua wanachama ambao huenda semina kwa ajili ya marupurupu, hutia sahihi asubuhi, na baada ya chai huwaoni. Tunawajua pia viongozi wa zamu ambao hupeleka jina la rafiki, na yule anayetembelea wagonjwa kwa miguu akabaki. Tukidai mafunzo kisha tukayafanya hivyo, mwajiri atakuwa na haki ya kutucheka. Halmashauri ya tawi imekubaliana kwamba majina yatakayopendekezwa na chama yatakuwa ya wale wanaofanya kazi hii kweli, hata kama si wanachama wa siku nyingi. Jambo hilo lilizua maneno makali mkutanoni, nasi twajua halijawafurahisha wote.

Barua kwa idara ya afya ya kaunti imekwisha andikwa, ila katibu hataki kuipeleka mikono mitupu. Kwa hiyo kila mwakilishi wa chama katika hospitali, kituo cha afya au zahanati ndani ya Mavoko aandike mambo haya kabla ya mkutano ujao wa tawi: pampu ngapi zipo, za kampuni gani, rangi gani, za mwaka gani, ngapi zinafanya kazi na ngapi ziko katoni, nani amefundishwa kuzitumia, lini, kwa siku ngapi, na sasa amewekwa kazi gani. Msiandike majina ya wagonjwa. Mahali ambapo hakuna pampu hata moja, andikeni hivyo, na mseme kama mofini ya kunywa ipo au haipo siku mnayoandika. Karatasi za kujazia zipo kwa katibu wa tawi, na asiyeweza kufika ampe mwenzake wa zamu amletee.